Ile Kitabu ya Anketi Yenye Haina Mwisho

Sifa mwanangu,

Ni mie mama yako. Mukono ni ya Mama Masika, lakini mudomo ni yangu. Unamujua jirani yetu, akisikia neno yenye haipendi anataka kuiruka. Nimemukataza. Nimemuambia: andika yote, hata pale nitakutukana. Amecheka, anasema basi karatasi haitatosha.

We umeenda kwenye soko ya Birere kununua sabuni. Ni wewe mwenyewe umesema sabuni. Jua ingali juu, mi nimekaa hapa kwenye mulango, muguu yangu juu ya kiti sawa mugeni mukubwa, na Mama Masika amekaa juu ya bidoni ya maji, karatasi kwenye magoti. Kwenye mbabula ya makaa kuko maharagi. Kwa hiyo ukiona maneno inakatika katikati, ni maharagi, haiko hasira.

Sitakuambia mambo ya kufunga mulango, wala mambo ya batu bale utapanda nabo kwenye boti, wala mambo ya kula. Mutoto mwenye alinilisha uji na kijiko ile wakati nilivunjika, nitamufundisha kula? Kesho unaenda Bukavu kusoma sheria, ukuwe avoka, mwenye kutetea batu. Bale ba kule njo bakufundishe. Mi nataka kukuambia mambo ya ile kitabu yetu ya anketi, ya kutafuta nani aliua.

Unakumbuka vile iliingia humu ndani? Ulienda kununua karanga kwa ule mama wa Murara, akakufungia ndani ya ukurasa ya kitabu. Ukakula karanga njiani, ukasoma karatasi, ukarudia mbio kumuomba ile yenye ilibaki. Akakatalia, anasema atafungia karanga na nini? Ukakuya kuchukua makaye yako yote ya kuandikia masomo, ukaenda kubadilisha naye. Ukarudi hapa na kitu yenye haina hata ngozi ya juu, inanuka chumvi na mafuta. Nikakuambia batoto ba wengine banarudi na karanga, we unarudi na takataka. Ile neno nairudisha leo. Mama Masika, andika: nairudisha.

Kisha nikaanguka na bidoni juu ya majiwe ya volkano, muguu ikavunjika, na nikawa mutu wa kulala mangaribi na asubui. Mi mwenye sikuzoea kukaa hata nikikula. Njo ukaanza kunisomea. Ulikuwa unaangalia kifaransa na unatoa kiswahili yetu, pole pole, saa ingine unasimama, unakuna kichwa, unasema Mama, hii neno hatuna. Nakujibu sema paka vile inafanana tu. Ukaniambia iko kitu nyeupe yenye inaanguka kutoka juu kwenye inchi ya bazungu, inafunika njia na manyumba, na mutu akipita muguu yake inabaki imechorwa. Nikasema, aa, ni sawa majivu ya volkano ikimwagika juu ya mabati. Ukacheka. Lakini kuanzia pale niliona ile kisa yote, ile nyumba, ile njia, na hakuna alama ya muguu ya mutu hata moja, na ndani muzee amekufa na mulango imefungwa. Nililala na ile mulango kwenye kichwa usiku muzima. Muguu ilikuwa inauma na sikuisikia.

Lakini kitu kimoja ilinikasirisha kwenye zile visa, na inanikasirisha mpaka leo. Mule ndani hakuna mwenye kulia. Mutu anakufa asubui, mangaribi banakunywa chai na banazungumuza mambo ya saa na ya funguo. Kwetu mutu akikufa, biti ya kukaa inatoka inje, bamama banakuya na masufuria, batu banalala chini ya turubai, hata bale balikuwa banamuchukia banaleta kuni. Pale, hapana. Nilikuuliza nani anamulilia ule muzee tajiri wa mulango yenye imefungwa. Ukarudi nyuma kwenye kitabu, ukatafuta kabisa, ukasema Mama, hakuna. Nikasema basi nitamulilia mimi kidogo. Na nikamulilia. Njo Mama Masika alisikia kupitia ukuta ya mbao, akakuya mbio, kitambaa haiko kwenye kichwa, anauliza nani amekufa. Nikamujibu ni muzungu moja wa kwenye kitabu. Aliniangalia sana. Kisha akauliza, nani alimuua? Akakaa chini, na kuanzia ile siku hakuondoka tena. Anacheka hapa. Bik yake ya kuandika inaruka, usiseme ni mimi niliharibu maandiko.

Ile kisa nilipenda kupita zote ni ya ule mutu wa mulango ya chini. Unaikumbuka. Munamuke amekufa ndani ya nyumba ya zamani, na mwenye kufanya anketi anaita batu bote bale banamujua, moja moja. Kuko moja alikuwa muzuri sana, anavaa vizuri, anajibu na heshima. Anasema yeye hajaingia kwenye ile nyumba hata siku moja. Mwenye anketi anasema haina neno, tuende tuangalie pamoja. Banaingia kwenye giza, hakuna taa. Kwa jikoni mulango ni fupi. Mwenye anketi anagonga kichwa. Polisi anagonga kichwa. Na ule mutu muzuri, kwenye giza, anainama mbele ya kufika kwenye mulango. Basi. Hawakumuuliza tena kitu. Mudomo ilisema sijaingia, mugongo ikasema niliingia.

Nilikuambia ile siku, Sifa, hii si kisa ya bazungu, hii ni kisa ya batu. Ukaniambia njo maana unataka kusoma sheria.

Kisha mi nikafikiri nimeisha kuwa fundi. Tuseme sasa mambo ya mayai, ju Mama Masika amenigonga na bik kwenye goti.

Kuku yangu nyeusi iliacha kuniletea mayai. Naangalia kwenye kikapo, hakuna. Kesho yake, hakuna. Kisha kuku yenyewe ikawa inapotea, inatokea mara moja inakula haraka haraka, inapotea tena. Nikasema, hapa iko anketi. Na nikaanza kuangalia jirani yangu. Nikaona maganda ya mayai kwenye takataka yake. Nikaona amekaanga mayai siku ya kazi, si siku ya Mungu. Nikaona anaimba sana. Kila kitu alifanya, niliweka upande ya kosa. Alinisalimia vizuri, nikasema anaficha. Hakunisalimia, nikasema anaogopa. Kisha kuku haikuonekana asubui nzima, nikasema sasa amekula na mama ya mayai.

Na we unajua nilifanya nini, ju ulinishika mukono na nikakataa. Niliita batu ba lupango, ba hii kiwanja yetu yote, sawa vile banafanya kwenye mwisho ya kitabu. Nikabakalisha juu ya mabidoni na juu ya majiwe. Nikasimama na fimbo yangu. Nikaanza na mambo ya kikapo, nikaenda kwenye maganda, nikaenda kwenye nyimbo. Batu banasikiliza kabisa. Na pale nafungua mudomo nitaje jina, pale chini ya ukuta, kwenye tundu ya jiwe ya volkano yenye hata mutoto hawezi kuingiza kichwa, kuku yangu inatoka. Na nyuma yake batoto bake, bamoja banafuata bengine, banapita katikati ya baraza yangu.

Njo Mama Masika akasimama, akapangusa kikwembe yake ya kujifunga, akaniambia:

"Mama Sifa, uliza hao. Bako na majina ya bote bale baliiba mayai."

Batu balicheka mpaka kwenye barabara ya Katindo. Mi nilicheka siku ingine. Ile siku nililia. Sisi tumejenga juu ya moto yenye ilikauka, chini yetu kuko matundu yenye hatujui mwisho yake, na mi natafuta mayai kwenye moyo ya rafiki yangu. Nilienda kwake na fimbo, nikakaa kwenye kizingiti, sikujua nianzie wapi. Akanipa chai. Akasema atachukua batoto batatu ba kuku kwa ile kazi ya kuitwa mwizi. Aliwachukua. Sasa bamekuwa bakubwa na banataga, na mayai anasema ni tamu ju ni ya haki.

Kosa yangu niliijua kisha. Batu ba anketi bazuri banaanza na bitu: mulango, kiatu, kikombe. Kisha njo banafika kwa mutu. Mi nilianza na mutu, nikatafutia bitu za kumuvalisha. We unaenda kusoma kazi ya kuhukumu batu. Ukiona siku moja unafurahi ju kila kitu inamuonyesha mutu mumoja, kumbuka mama yako na fimbo, na kuku inapita.

Basi, hii safari nimeanza na bitu. Kaa chini sasa.

Siku ya Mungu ulipanda lengalenga, ile mboga. Ulibeba udongo kutoka kule mbali, ukajaza ile beseni yenye ilipasuka, ukapanda, ukamwagia maji. Nikakuangalia na sikusema kitu. Mutu mwenye anaondoka haipandi lengalenga. Anachuma yenye iko, anapika, anakula na ndugu. Utasema nilipanda ju yako, Mama. Mi siwezi kuinama, na unajua kuliko munganga. Ulipanda lengalenga ya mukono yako mwenyewe.

Ya pili, haujaenda kuaga. Kwetu Masisi mutoto akisafiri anapita kwa shangazi yake, anakula hata kiazi moja mule ndani, anakamatwa kichwa, anaombewa, njo anaondoka. Shangazi yako yuko pale Katindo, si mbali. Kila siku unasema kesho. Mi nilituma mutu kumuuliza. Alijibu kiazi imepoa. Sifa, unaweza kunidanganya mi, lakini haukuweza kwenda kula kiazi ya safari yenye hautafanya. Ile ilinifurahisha. Nilisema, mutoto wangu hajui kudanganya mpaka mwisho.

Ya tatu ni valizi, sanduku yako ya safari. Jana uliitoa chini ya kitanda, uliipitisha mbele yangu ukaiweka kwenye ukuta, unaimba. Ulitaka niione. Na mi niliangalia bega yako. Mutu mwenye anabeba nguo za mwaka muzima, na blanketi, na biatu, bega inashuka. Yako haikushuka. Uliibeba sawa kikapo ya batoto ba kucheza. Mulango ya chini, Sifa. Mudomo yako ilikuwa inaimba naenda, na bega ikasema nabaki.

Leo nilituma Mama Masika aiinue. Alisema ni hewa. Tuliifungua: nguo mbili na gazeti.

Kwa hiyo najua. Kesho asubui tumbo itakuuma, ao boti itakuwa imejaa, ao utafika kwenye bandari na kurudi, na kisha tutasema mwaka yenye inakuya. Na sikukasirikia. Najua ni ju ya nini. Ni ju ya muguu hii, na maji ya kuchota, na ju unaona nikikaa peke yangu nitaanza tena kuita batu kwenye baraza.

Sikiliza kitu moja yenye unajua nusu yake. Wakati nilikuwa musichana, kule Masisi, masista balikuya kuuliza batoto ba kuenda kusoma kwabo. Balinichagua. Nilikuwa nakamata maneno mbio, balisema. Na mama yangu alikuwa mugonjwa wa kifua. Siku ya kuondoka nilienda nikajificha kwa ngombe, kwenye nyasi, nikasikia banaita jina yangu, nikanyamaza mpaka gari ikaenda. Niliwaza nimefanya mema. Mama alipona mbele ya mavuno. Alipona kabisa, aliishi mpaka akakulea wewe kwenye mugongo.

Basi hiyo nusu unaijua. Nusu ingine ni hii. Miaka yote ile, tukiwa jikoni pamoja, kulikuwa kitu katikati yetu yenye hakuna mwenye anaitaja. Akiona nashikilia karatasi ya dawa juu chini, anageuza macho. Nikiwa na uchovu, namujibu mubaya, kisha naona aibu. Hakuna mwenye alikosa na hakuna mwenye alikuwa muzima. Siku moja, ameisha kuzeeka, tunachambua maharagi, akaniuliza kwa nini sikupanda ile gari. Nikamuambia ni ju yako, mama. Akaacha maharagi.

"Mi sikukutuma kubaki," akasema.

Paka hiyo tu. Hakurudilia tena. Mi niliwaza nilimupa zawadi kubwa, kumbe nilimupa muzigo, na hakuomba. Njo maana leo napaswa kuazima mukono ya jirani kwa kusema na mutoto wangu. Mama Masika ameacha kuandika, anapangusa macho. Andika, mama. Maharagi haijaungua.

Sasa mambo ya maji na ya kitanda. Mama Masika anahamia hapa kwetu leo leo. Kwake batoto bameolewa, nyumba inalia mwangwi, anasema anachoka kunisikiliza kupitia mbao. Godoro yake iko tayari nyuma ya mulango, tuliificha na kikwembe, na we ulipita pale asubui na haukuiona, mwenye kufanya anketi. Maji ataleta mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba muzigo, ule mwenye analetea batu ba hapa kwetu Mapendo. Lengalenga tutaikula sisi, yeye atainama, mi nitapika. Kitanda yako imeisha kupata mwenyewe. Ukibaki utalala wapi?

Na iko kazi yenye nakutuma. Ile kisa ya mwisho, ya ule munamuke muzee kwenye hoteli ya mulima. Iko mutoto wa ndugu yake, iko mupishi, na iko dada yake mwenye haongeaka. Chai inamwagika, taa inazima, na mwenye anketi anasema, sasa najua ni nani. Na ukurasa inaisha. Yenye ilibaki ilifungia karanga, Murara muzima ilikula mwisho ya kisa yetu. Tumebishana mpaka tumechoka. We unasema ni mutoto wa ndugu, ju anapenda mali. Mama Masika anasema mupishi, lakini kwake ni mupishi siku zote. Mi nasema ni ule dada. Mutu mwenye haongei kabisa anaficha ao mubaya sana ao muzuri sana, na mule ndani hakuna mwenye alikuwa muzuri sana. Lakini nilikosaka na mayai, kwa hiyo siapi.

Hapa Mapendo hatutajua. Lakini kwenye inivesite, kule utasoma, iko nyumba ya bitabu, wewe mwenyewe uliniambia, bitabu kutoka chini mpaka juu kwenye plafo. Enda utafute ile yetu, yenye ni nzima. Ukiipata, usisome peke yako. Utapiga simu kwa Mama Masika, ataiweka katikati yetu juu ya meza, na utasoma pole pole, na neno yenye hatuna utasema vile inafanana. Hiyo njo kazi. Mama yangu hakunituma kubaki. Mi nakutuma kuenda.

Karatasi imefika mwisho, Mama Masika sasa anaandika pembeni. Tutaiweka ndani ya valizi, chini ya ile gazeti. Kwa hiyo kama unasoma hii, najua fasi uko: umepiga magoti mbele ya kitanda, umeifungua kwa kutoa zile nguo mbili uzirudishe. Usizirudishe. Weka blanketi, ile nzito. Weka biatu yote. Weka kikwembe yangu ya maua, nimeikunja juu ya mutungi. Weka kitabu na chumvi yake. Kisha simama uende kwa shangazi, bamepika biazi zingine, bado ni moto.

Mi sitakuuliza kitu mangaribi, na we usiniambie kitu. Tutakula maharagi. Kesho asubui nitakaa hapa kwenye mulango, muguu juu ya kiti, na utapita mbele yangu na valizi yako.

Nitaangalia paka bega tu.

Mama yako